Sauti Katika Santuri: Jaribio la Senema la Vugiri, 1935–1937

Chini ya mteremko wa Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, dhahabu ilichimbwa tangu zama za Wajerumani. Mwaka 1916, vita vilipoizuia koloni kupata fedha kutoka Ulaya, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Upande mmoja wa sarafu yumo tai, upande wa pili yumo ndovu, mchimbaji hayumo.

Migodi ya namna hiyo, tangu Sekenke hata ile ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ilizusha swali: mtu aliyeacha jembe na ukoo wake akafuata mshahara, atafundishwaje mambo ya ulimwengu mpya? J. Merle Davis, Mmarekani wa Baraza la Kimataifa la Misioni, alilichunguza swali hilo katika nchi ya shaba, akatoa kitabu mwaka 1933. Kutokana na uchunguzi huo, na kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo likaanzishwa mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara.

Jaribio hilo halikuwa kampuni ya biashara wala idara ya serikali. Upigaji picha uliongozwa na Meja L. A. Notcutt, ambaye katika miaka ya 1920 alikwisha kuwaonyesha senema vibarua wa mkonge. Mambo ya elimu yalikuwa juu ya G. C. Latham, aliyepata kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 walitoa kitabu juu ya kazi yao, nacho chaonyesha yale ambayo mtazamaji hakuyaona.

Utepe uliotumika ulikuwa wa milimita 16, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko ule wa 35. Wachezaji walikuwa wenyeji. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika santuri mbali, yakasikizwa kwa kipaza sauti pale lori la maonyesho liliposimama. Hivyo picha ile ile iliweza kusema Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kijaluo, Kiganda au Kibemba.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Filamu ya akiba ya Posta ilimfundisha mfanyakazi mahali pa kuuweka mshahara wake, si kudai uongezwe. Hadithi ilikwisha kuamuliwa na wenye fedha. Lakini picha ya safura haina maana mpaka isimuliwe, na msimuliaji alikuwa Mwafrika. Yeye ndiye aliyejua neno lipi litawachekesha wasikilizaji na lipi litawaudhi. Alikuwa mtumishi wa filamu, na kwa kiasi fulani mtungaji wake.

Zilitengenezwa filamu 35. Mwaka 1937 fedha zilipokwisha, serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda hazikukubali kuibeba kazi hiyo. Mwaka 1939 London ilianzisha idara yake ya filamu za makoloni, na jaribio la Vugiri likabaki kuwa habari ya vitabuni.

Chache kati ya filamu hizo zimehifadhiwa Uingereza, mojawapo ikiwa ile ya mashamba ya Kingolwira. Waziangaliao leo huona mikono ya wakulima na mabwana wakikagua. Atakaye kuandika historia ya senema ya Afrika Mashariki hana budi kuwatafuta pia wale waliokaa mbele ya chombo cha kunasia sauti, wakazipa picha hizo lugha.