Glavu, koleo na mkono wa mchoma nyama

Leo siasa tuziweke pembeni tuongee nyama. Au niseme vizuri zaidi: tuongee mikono inayotuletea nyama.

Ukikatiza Kariakoo jioni, ukatoka Mtaa wa Msimbazi ukashuka kuelekea Gerezani, utakuta majiko ya mkaa yameshashika. Mchoma nyama anaopoa paja la mbuzi kwenye wavu, analiweka kwenye kibao, kisu mkono wa kulia. Na mkono wa kushoto je? Ndio unaoshika nyama. Mtupu kabisa! Joto likimzidi anachana kipande cha gazeti na kushikia. Mimi mwenyewe nimeshuhudia habari yangu, iliyonichukua siku mbili kuisaka na kuiandika, ikifanya kazi hiyo kwa sekunde kama tatu kabla haijalowa mafuta. Mhariri wangu hajawahi kunikata makali namna ile.

Sasa kuna rafiki yangu anachoma mishikaki na mbuzi maeneo hayo hayo. Siku moja akaniambia, "Kaka, wewe umekaa Mlimani miaka mitatu, hebu niambie ninunue glavu gani." Alikuwa ameshaoneshwa aina nne na kila muuzaji akamwapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Mkono wake wa kushoto ukiharibika hata kwa wiki moja, nyumbani kwake hakuna anayekula vizuri. Kwa hiyo swali halikuwa la mzaha, na mimi nikaenda kusoma. Nilichokikuta ni historia, na historia yenyewe inasema jambo moja: kila glavu ilishonwa kwa ajili ya mkono wa mtu fulani mwenye kazi fulani. Katika zile nne, hakuna hata moja iliyomfikiria mchoma nyama.

Tuanzie nyumbani. Watu wa nchi hii hawakuanza jana kucheza na moto. Kule Buhaya, karibu na Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka isiyopungua 1,500. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri na kuyeyusha chuma tena mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika habari zake katika jarida la Science la Marekani. Sasa fikiri, mhunzi anashika chuma chekundu kwa kutumia nini? Koleo! Akili ya mhunzi ni kuuweka mkono mbali na moto. Glavu ni akili nyingine kabisa. Ni kuupeleka mkono kwenye moto ukiwa umevikwa nguo. Na akili hiyo ilikua na viwanda, kwenye matanuri makubwa ambako mtu mmoja anashika vitu vya moto kutwa nzima kwa mshahara.

Nguo gani basi isiyoshika moto? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa asbesto, jiwe lenye nyuzi zinazosokoteka kama pamba. Benjamin Franklin, huyu huyu wa kwenye noti ya dola 100, akiwa kijana London mwaka 1725 alimuuzia tajiri Hans Sloane kimfuko cha fedha kilichofumwa kwa asbesto. Wakati ule lilikuwa jambo la maajabu. Baadaye ikawa biashara kubwa, na glavu za asbesto zikavaliwa kwenye viwanda vya kuyeyusha vyuma na kwenye maabara. Mkono ulipona. Tatizo ni mapafu.

Huko Rochdale, Uingereza, kulikuwa na mama mmoja anaitwa Nellie Kershaw. Tangu akiwa msichana mdogo alisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Alifariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33, na Dk. William Cooke aliyechunguza mapafu yake akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba vumbi lile ndilo lililomuua. Mwaka 1924! Ulaya ilikuja kuipiga marufuku asbesto kabisa kuanzia mwaka 2005, na Afrika Kusini, waliokuwa wakiichimba kwa wingi, mwaka 2008. Piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hiyo. Ugonjwa wenyewe huweza kujificha miaka 20, hata 40. Ndiyo maana nilimwambia rafiki yangu: ukikuta glavu kuukuu, nene, rangi ya kijivu cheupe, haina lebo, inatoa vumbi ukiikung'uta, iache hapo hapo hata wakikupa bure.

Kilichoziba nafasi ya asbesto ni nyuzi za jamii ya aramidi. Moja inaitwa Nomex. Nyingine ni Kevlar, na hii ina kisa chake. Mwaka 1965 mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont alikuwa anatafuta uzi mwepesi na imara wa kutia kwenye matairi ya magari. Akapata kimiminika chenye ukungu, kisichopendeza, na fundi wa mashine ya kusokota akakataa kukiweka akihofia kitaziba matundu. Mama akang'ang'ania mpaka kikasokotwa. Ukatoka uzi ambao kwa uzito ule ule unashinda chuma cha pua kwa nguvu, na ambao ukikutana na moto hauyeyuki. Leo glavu nyingi za kuchomea nyama wanazouziana Wazungu zimefumwa kwa nyuzi za jamii hiyo. Zilianzia kwenye tairi, jamani.

Na mkono wenyewe unahimili kiasi gani? Hilo lilipimwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1947 na watafiti Moritz na Henriques. Walitumia ngozi ya nguruwe kwa kuwa inakaribiana na yetu, kisha watu waliojitolea. (Wapenzi wa kitimoto msicheke.) Kwenye nyuzi joto 44 ngozi inachukua kama saa sita kuungua. Kwenye 60 ni sekunde tano hivi. Ikifika 70 haimalizi hata sekunde moja. Nyama inayotoka kwenye mkaa, upande wa juu, imeshavuka hapo. Anayekwambia mikono yake "imeshazoea" anasema kweli nusu: ngozi yake imekuwa sugu na vidole vyake vina kasi. Fizikia haijabadilika kwa ajili yake.

Kwa glavu, Wazungu wana kipimo kinaitwa EN 407. Ukiona hiyo alama ya moto kwenye glavu, chini yake kuna tarakimu sita. Wewe tazama ya pili, ndiyo ya kushika kitu cha moto. Ikiwa 1, glavu imegusishwa kwenye nyuzi joto 100 na kwa sekunde 15 joto la ndani halikupanda zaidi ya nyuzi 10. Ikiwa 2 ni nyuzi 250, ikiwa 3 ni 350, ikiwa 4 ni 500. Mchoma nyama anahitaji 2. Zingatia zile sekunde 15. Hakuna glavu iliyoahidi dakika.

Turudi kwenye zile nne. Ya kwanza ni ile ya plastiki nyembamba ya kuvaa na kutupa. Hiyo inazuia uchafu, haizuii joto, na ikigusa wavu inayeyukia kwenye ngozi. Ya pili ni ya pamba nyeupe yenye vidoti vya mpira, ya wapakia mizigo. Inafaa sana kwa kazi yake. Tena hapa ni Kariakoo, jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ambao Waingereza waliwaweka hapa baada ya kuutwaa mji mwaka 1916, na hao hata viatu wengi wao hawakuwa navyo. Lakini ukiipeleka kwenye nyama itafyonza mafuta na mchuzi. Maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo kitambaa kilicholowa kinakuunguza haraka kuliko kikavu. Ndio maana lile gazeti langu lilidumu sekunde tatu.

Ya tatu ni ya ngozi, ya fundi wa kuchomelea vyuma. Hii ni nzuri kupanga mkaa na kushika wavu, ila isiguse chakula, maana haioshwi ikatakata. Ya nne ni ya silikoni. Inavumilia kama nyuzi 230, mafuta hayapenyi, unaiosha kwa sabuni. Kwa kushikia paja wakati wa kukata hiyo ndiyo yangu, ikiwa na kitambaa kikavu ndani. Isipelekwe kwenye kaa lenyewe. Na iliyoshika nyama mbichi isishike iliyoiva bila kuoshwa, hilo tusibishane.

Jamaa alinunua silikoni moja tu, ya kushoto. Muuzaji hakutaka kuvunja pea, wakavutana nusu saa. Fedha iliyobaki akampelekea fundi wa Gerezani, akamtengenezea koleo refu la nondo. Wiki ya kwanza mteja mmoja alilalamika kwamba nyama iliyoshikwa na mpira haina utamu. Jamaa akamwambia sawa, akasogeza kibao upande wake, akamwambia aishike mwenyewe.