Kipofu Amefika: Mashine na Mti wa Maneno



Juma hili tumeona vema tutafakari swali ambalo vijana wetu wa Korogwe na Handeni hutuuliza, simu ikiwa mkononi: mashine yawezaje kufasiri lugha ya binadamu? Jibu lake lina historia ndefu, na Kanisa limo ndani yake.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alipanga vyote vilivyopo katika makundi 10. Mafundisho ya Porphyry, wa karne ya 3 baada ya Kristo, yalichorwa baadaye kama mti: kilichopo, chenye mwili, chenye uhai, mnyama, hatimaye mwanadamu. Wanasayansi wa kompyuta waliazima wazo hilo pamoja na jina lake la kifalsafa, ontolojia: orodha ya vitu na uhusiano wake, iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine yaweza kuifuata.

Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alichunguza fundisho la Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya uwepo. Akagundua kwamba siri imefichwa katika kineno kidogo cha Kilatini chenye maana ya "ndani ya". Aliandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000. Mwaka 1949 akaomba msaada wa kampuni ya IBM huko New York, na baada ya miaka kama 30 faharasa ya maneno ya Mtakatifu Thoma ikakamilika katika juzuu 56. Sisi Waswahili hatushangai: twajua kwamba "mezani pana", "shambani kuna" na "nyumbani mna" si kitu kimoja.

Mwaka 1985 George Miller na wenzake, Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walianza kupanga maneno ya Kiingereza kwa maana badala ya alfabeti. Mwaka huohuo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili. Kazi hiyo si nyepesi. "Kaa" ni mnyama wa pwani, ni kipande cha mkaa wa moto, tena ni amri ya kuketi. Mara nyingi upatanisho huamua: kaa yule atembea, kaa lile lawaka.

Lakini tazameni neno "kipofu". Kwa umbo lake limewekwa pamoja na kiti na kikombe. Hata hivyo hatusemi "kipofu kimefika"; twasema "kipofu amefika". Mashine isiyofundishwa kwamba huyu ni mtu itakosea. Wazee wetu walijua, bila kompyuta, kwamba utu hushinda umbo.

Tafsiri za siku hizi hutegemea zaidi wingi wa maandishi kuliko miti ya maana. Kiswahili kimepata nafasi. Kizigua, chenye maandishi machache, kimebaki nyuma. Nasi wa huku twajua thamani yake. Katika karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani hadi bonde la mto Juba, Somalia. Wajukuu wao waliitunza lugha hiyo bila kamusi. Vita vya Somalia vilipozuka miaka ya 1990, baadhi yao walirejea, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Katika karatasi waliandikwa wakimbizi. Walipofumbua kinywa, walisikika kuwa ndugu.

Basi, kila mpangilio wa maneno ni hukumu juu ya vitu na watu: nani awekwe wapi, na nani aachwe nje. Twawaomba vijana mketi na bibi na babu, mwandike katika daftari majina ya miti, ya mvua na ya undugu kwa Kizigua, Kisambaa na Kibondei. Mashine itapanga kile tu ilichopewa. Tusipokiandika sisi, hakuna atakayekipanga.

Mungu awabariki. Jumapili njema.