Tatu Alivuka Ziwa

Hapa Gungu ukiita "Tatu!" atageuka mwanamke. Ni jina la shangazi zetu na dada zetu. Ndiyo maana huwa nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba Tatu aliyepita Kigoma Aprili 1965 alikuwa mwanamume wa Argentina, mgonjwa wa pumu, ndevu kanyoa: Ernesto Che Guevara.

Majina yalitolewa kwenye kamusi ya Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na mkubwa wao akajificha kwenye namba 3, eti daktari na mkalimani tu. Aprili 24 wakafika Kibamba, ng'ambo ya ziwa, kuwasaidia waasi wa Simba. Baadaye Wacuba wakazidi 100. Rafael Zerquera, daktari, aliitwa Kumi. Carlos Coello aliitwa Tumaini. Likakatwa likabaki Tuma, akaenda nalo Bolivia na kufa nalo 1967.

Wapiganaji wa Kongo nao walikuwa na neno lao: dawa. Maji ya mganga, risasi haikupati, mradi usiogope, usiguse mwanamke, usichukue cha mtu. Ukifa, basi ulivunja mwiko. Che aliliacha neno hilo bila kulitafsiri katika kumbukumbu alizoziandika Dar es Salaam baada ya kushindwa na kuondoka Kongo Novemba 1965. Kitabu kizima hakikutoka hadi 1999.

Wamarekani walichelewa zaidi. Mwaka 2013 Wizara yao ya Mambo ya Nje ilichapa juzuu la nyaraka za Kongo za 1960 hadi 1968, na humo zimo operesheni za CIA: ndege, boti za doria ziwani, na Wacuba waliomkimbia Castro waliokodiwa kuzitumia. Yaani Mcuba alimwinda Mcuba kwenye maji tunayovulia dagaa. Hata hivyo sehemu nyingine bado zimefutwa.

Kwa hiyo Havana imesema, na Washington imesema nusu. Sisi je? Kiswahili kilikuwa kufuli kwa mgeni, lakini kwa mtu wa bandarini Kigoma moja, mbili, tatu ni kuhesabu tu. Yeye aliwaitaje watu wale? Hilo halimo kwenye faili lolote la Washington, na halihitaji kibali cha waziri. Linahitaji mtu akae na wazee wa Ujiji na Kibirizi, aulize, aandike. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amepita 80. Faili husubiri, mzee hasubiri.