Vitabu vya Safarini: Nani Anachagua, Nani Anabeba

Januari 1910, kwenye Ziwa Albert, ziwa hilihili ambalo wengi wetu tulilivuka kutoka Ituri kuingia Uganda, ilipita meli ndogo iliyombeba Theodore Roosevelt. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa bado Rais wa Marekani. Alikuwa ametoka Kampala, akapita Hoima, akashuka mpaka bandari ya Butiaba, na sasa alikuwa anaelekea kaskazini kuufuata mto Nile. Kwenye mizigo yake kulikuwa na bunduki, mahema na chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Na kulikuwa na sanduku la vitabu.

Nimeanza na sanduku hilo kwa sababu ya swali moja ambalo wengine wataliona ni swali la matajiri: mtu akienda safari ndefu ya majini, achukue kitabu gani? Kweli, wanaouliza hivyo siku hizi ni watu waliokata tiketi ya meli kubwa ya starehe, yenye bwawa la kuogelea na muziki, meli inayozunguka bahari wiki mbili halafu inawarudisha walikotoka. Lakini mimi nafanya kazi na vijana kambini, na swali hilo nalisikia kila mara kijana anapopata safari ya kwenda nchi ya tatu. "Yaya, nibebe kitabu gani?" Yaya ni kaka mkubwa kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Sina jibu moja la kuwapa wote. Ndiyo maana nimetafuta kujua wenzetu wa zamani walichaguaje. Nimekuta safari tatu, na kila moja ina somo lake.

Ya kwanza ni ya meli iliyoitwa Quaker City. Iliondoka New York mwezi Juni 1867 ikiwa na abiria zaidi ya 60, ikaenda Ulaya, Bahari ya Mediterania, Palestina na Misri, ikarudi Novemba. Nauli ilikuwa dola 1,250, pesa nyingi sana wakati huo. Wengi wanaihesabu kama moja ya safari za kwanza za Wamarekani kupanda meli kwa ajili ya matembezi tu, bila biashara, bila vita, bila kuhama. Kati ya abiria alikuwepo mwandishi wa gazeti mwenye umri wa miaka 31, Mark Twain, ambaye nauli yake ililipwa na gazeti. Aliyoyaona aliyatoa kwenye kitabu mwaka 1869, The Innocents Abroad.

Sasa, walioandaa safari ile waliwaambia abiria mapema vitabu vya kubeba: Biblia, vitabu vichache vya kuongoza wageni, na vitabu vya wasafiri waliotangulia. Orodha ilikuwepo, na sehemu kubwa yake ilihusu Nchi Takatifu. Nia ilikuwa nzuri. Mtu anayekwenda mahali asipopajua, apewe cha kumsaidia. Lakini Twain alikuwa mtu wa kuchunguza, akagundua jambo. Wenzake walipofika Palestina hawakuwa wanaona kwa macho yao. Walisema maneno ya vitabu. Walilia pale ambapo mwandishi fulani alilia, wakasifu uzuri pale alipousifu, hata kama mbele yao kulikuwa na mawe na vumbi tu. Twain alisema anaweza kutabiri kila mmoja atatamka nini akifika Nazareti au Yeriko, kwa sababu anavijua vitabu watakavyonakili.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Abiria wale hawakuwa wajinga, walikuwa watu wenye elimu na mali. Kilichowapata ni kwamba mtu mwingine aliwachagulia vitabu, na alipowachagulia vitabu akawachagulia na macho. Walizunguka dunia miezi mitano, lakini yule aliyetunga orodha aliwatangulia kila mahali.

Safari ya pili ni ya Roosevelt mwenyewe. Aliacha urais tarehe 4 Machi 1909, na kabla mwezi haujaisha alikuwa baharini. Alibadilisha meli Italia, akafika Mombasa tarehe 21 Aprili. Alikuwa msomaji wa kufa mtu. Kabla ya kuondoka alipanga vitabu vyake kama mwindaji anavyopanga risasi. Vilikuwa karibu 60, vimepunguzwa ukubwa na kufungwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa sababu alijua jalada la kawaida litaoza kwa jasho, vumbi, damu na mafuta ya bunduki. Ndani yake kulikuwa na Biblia, Homer, Shakespeare, Dante, Milton, mashairi ya Keats na Shelley, hadithi za Dickens na Scott, na Huckleberry Finn ya yuleyule Mark Twain. Alivisoma kivulini saa sita mchana, au pembeni ya mnyama aliyemuua akisubiri wachunaji. Kitabu kimoja kilikuwa karibu kila siku kwenye mfuko wa tandiko au kwenye mkoba wa risasi.

Mwaka 1910 alichapisha kitabu cha safari yake, African Game Trails, na mwishoni akaweka orodha ya vitabu vile. Kinachonifurahisha ni maneno aliyoongeza. Hakusema hivi ndivyo vitabu bora duniani. Alisema ni vile alivyovitaka yeye, kwa wakati ule na mahali pale, na kwamba mtu mwingine atachagua vingine na hatakuwa amekosea. Wakati huo kulikuwa na wasomi Marekani waliokuwa wakitengeneza orodha za vitabu ambavyo kila mtu lazima asome. Roosevelt aliwacheka kidogo. Kwa upande huu nakubaliana naye: kitabu cha safari ni kama kiatu, kinachomtosha jirani yako kitakuchuna wewe.

Lakini kuna upande wa pili. Sanduku lile la alumini na turubai, pamoja na vitabu vyake, lilikuwa na uzito wa karibu pauni 60. Hiyo ni kilo 27. Roosevelt mwenyewe aliandika kwamba huo ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Mzigo wa mpagazi mmoja! Kwenye msafara wake kulikuwa na wapagazi kama 200, watu wa nchi hizi, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili. Mmoja alikuwa na kazi ya kubeba Homer na Shakespeare kichwani. Majina ya waandishi wote yamechapishwa kwenye orodha ile. Jina la aliyewabeba halimo kwenye orodha.

Simlaumu Roosevelt kwa kupenda vitabu, mimi pia navipenda. Nasema tu kwamba uhuru wa kuchagua vitabu 60 ulisimama juu ya shingo ya mtu. Ukiwa na mtu wa kukubebea, huhitaji kujiuliza kipi ukiache. Na meli ile ilipoacha Ziwa Albert na kushuka Nile, ilimfikisha ng'ambo ya magharibi, sehemu za Rhino Camp, ambako aliwinda vifaru weupe. Leo Rhino Camp ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Watu waliofika hapo miaka yetu hii walibeba wenyewe.

Safari ya tatu ni ya watu waliolazimika kubeba wenyewe. Ernest Shackleton, Mwingereza mzaliwa wa Ireland, aliondoka kisiwa cha South Georgia Desemba 1914 na watu 27, kwenye meli ya Endurance, kuelekea bara la barafu kusini mwa dunia. Meli ilikuwa na maktaba. Chumbani kwa Shackleton kulikuwa na rafu iliyojaa, na picha yake ipo. Mwaka 2016 wataalamu waliikuza kwa kompyuta mpaka majina ya vitabu yakasomeka: ensaiklopidia ya Britannica, kamusi, habari za wasafiri wa barafu, riwaya, hata The Brothers Karamazov ya Dostoevsky. Yaani walikwenda kama Roosevelt, meli inabeba.

Januari 1915 barafu iliibana meli. Mwezi Oktoba iliivunja kabisa, wakashuka na kukaa juu ya barafu. Amri ya Shackleton ilikuwa kwamba kila mtu abaki na vitu vyake visivyozidi pauni mbili, yaani chini ya kilo moja. Yeye alianza, akatupa saa na pesa za dhahabu mbele ya watu wake. Biblia kubwa aliyopewa na Malkia Alexandra aliiacha pale chini, lakini kwanza alichana kurasa chache: ile yenye maandishi ya malkia, Zaburi ya 23, na ukurasa mmoja wa kitabu cha Ayubu. Baharia mmoja, McLeod, aliona ni mkosi kuitelekeza Biblia, akaiokota kimyakimya.

Mabuku kadhaa ya Britannica nayo yaliokolewa. Watu waliyasoma, wakayatumia kumaliza ubishi, na kurasa nyingine zikawashia kiko. Lakini kitabu ninachokipenda zaidi kwenye habari hii ni kidogo kuliko vyote. Mwaka 1916 watu 22 walibaki kwenye kisiwa cha Elephant wakisubiri kuokolewa, wakilala chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, wakila nyama ya sili na pengwini. Mchoraji wao, Marston, alikuwa na kitabu cha mapishi, kile cha bei ya senti. Usiku alisoma pishi moja kwa sauti. Wenzake walijadili kwa makini kabisa: hapa ningeongeza hiki, pale ningepunguza kile. Waliokolewa tarehe 30 Agosti 1916, wote 22 wakiwa hai.

Nani angeweka kitabu cha mapishi ya senti kwenye orodha ya vitabu vya kwenda nayo mwisho wa dunia? Hakuna kamati ambayo ingekubali. Kamati ingesema watu wenye njaa wasomewe kitu cha kuwajenga. Lakini wenye njaa wenyewe walijua nini kinawafikisha asubuhi.

Sasa nirudi kwetu. Sisi wa kambini tunaletewa vitabu. Tunashukuru, na nasema hivyo kwa moyo. Ila mara nyingi vinakuja kama ile orodha ya Quaker City, vimechaguliwa na mtu ambaye ameshaamua tutaona nini. Kituo chetu kiliwahi kupokea maboksi kutoka shirika moja, na ndani kulikuwa na vitabu vya sheria za kodi za nchi ya mbali na mwongozo wa kuteleza kwenye theluji. Vingine vilikuwa vizuri sana, lakini vyote vilihusu namna ya kuvumilia. Kwani kijana wa miaka 17 akikimbia vita, hobi yake yote inageuka kuwa uvumilivu? Anataka pia kucheka. Anataka kujua injini ya pikipiki inafungwaje.

Tukaweka daftari mezani. Juu ya ukurasa tuliandika: ukiambiwa unasafiri kesho na una nafasi ya kitabu kimoja, utakayekibeba ni wewe, utachukua kipi na kwa nini? Majibu yalikuja polepole, halafu yakajaa. Biblia na Kurani, hizo nilizitegemea. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Mitihani ya zamani ya hesabu. Kitabu cha ufundi wa pikipiki, mara nne. Riwaya ya mapenzi, bila jina la aliyeandika ombi. Daftari tupu, "kwa sababu kitabu changu bado sijakiandika". Msichana mmoja aliandika kitabu cha mapishi ya mama yake, ambacho hakipo kwenye karatasi popote. Wenzake walicheka. Nikawasomea habari ya kisiwa cha Elephant, na baada ya hapo watatu walikaa naye wakaanza kuandika: sombe, lenga-lenga, samaki wa ziwani kwa mawese.

Ndugu wasomaji, najua jarida hili linasomwa makambi mengi, nchi zaidi ya moja. Pendekezo langu si kubwa. Kundi lenu likiahidiwa vitabu, msisubiri maboksi yafike. Pelekeni orodha kwanza. Iandikwe na watakaosoma, wadogo na wakubwa, bila mtu kuisahihisha iwe ya heshima zaidi. Na kijana anayepata safari ya mbali, msimwambie abebe nini. Muulizeni maswali matatu: Ni kipi utakisoma tena ukikimaliza? Ni kipi hutakipata kule unakokwenda? Na kilo ngapi unaziweza mwenyewe, kwa mkono wako?

Daftari letu bado lipo mezani. Kati ya vitabu vilivyoombwa tumeshapata kumi na moja, na kile cha pikipiki kimefika nakala mbili. Cha mapishi kiko ukurasa wa 14, kwa mwandiko wa watu wanne.