Harmonika na muziki wa Cajun: mwanafunzi aanzie wapi?

Muziki wa Cajun ni muziki wa dansi wa watu wanaosema Kifaransa katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Mara nyingi husikika kwa fidla na akodiani, lakini hupigwa pia kwa harmonika, kile kinanda cha mdomo kinachoingia mfukoni. Katika makala haya tunaeleza muziki huu ulikotoka, na hatua anazoweza kufuata msikilizaji mwenye harmonika moja na simu.

Wacajun ni nani?

Ni wazao wa Wafaransa waliohamia Acadia, eneo ambalo leo liko mashariki mwa Kanada. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza katika ardhi yao. Familia nyingi zilitenganishwa, na baadhi ya watu hao wakafika Louisiana. Jina "Cajun" limetokana na jina lao la zamani la Kifaransa, Acadien.

Huko walikutana na watu wengine, wakiwemo Wakrioli weusi wenye asili ya Afrika. Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi aliyepiga akodiani na kuimba, alirekodi mwaka 1929 pamoja na mpiga fidla mzungu, Dennis McGee. Wapiga akodiani wa Cajun wanajifunza kutoka kwake hadi leo. Mwaka mmoja kabla yake, 1928, Joe Falcon na Cléoma Breaux walikuwa wametoa rekodi ya kwanza ya muziki wa Cajun.

Kwa nini muziki huu una uzito kwao? Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliagiza masomo ya shule yafundishwe kwa Kiingereza. Watoto waliosema Kifaransa shuleni waliadhibiwa, na wazazi wengi wakaacha kuwarithisha lugha yao. Kwa familia nyingi, nyimbo za dansi zikawa moja ya mahali pachache ambapo Kifaransa kiliendelea kusikika.

Harmonika inaingiaje?

Akodiani ya Cajun ina safu moja ya vitufe 10. Ukisukuma, kitufe hutoa sauti moja; ukivuta, hutoa nyingine. Harmonika ya matundu 10 hufanya kazi vivyo hivyo: ukipuliza tundu unapata sauti moja, ukivuta pumzi unapata nyingine. Kwa hiyo nyimbo zilizotungwa kwa akodiani hiyo huikaa harmonika vizuri. Isom Fontenot wa mji wa Mamou ni mmoja wa wapiga harmonika wa Cajun waliorekodiwa, na rekodi zake ni mfano mzuri wa kusikiliza.

Nunua harmonika gani?

Tafuta yenye matundu 10 katika mstari mmoja, iliyoandikwa herufi C. Akodiani nyingi za Cajun pia ni za C, hivyo utaweza kufuatisha rekodi nyingi. Zile ndefu zenye safu mbili za matundu ni aina nyingine, na maelezo yetu hayatazifaa.

Hatua ya kwanza: do, re, mi

Aliyewahi kuimba kwaya anaijua ngazi hii. Shika harmonika sauti nene zikiwa kushoto, kisha fuata hivi:

Do: puliza tundu la 4.
Re: vuta tundu la 4.
Mi: puliza la 5.
Fa: vuta la 5.
So: puliza la 6.
La: vuta la 6.
Ti: vuta la 7.
Do ya juu: puliza la 7.

Angalia tundu la 7. Hadi la 6 tulikuwa tunapuliza kwanza kisha tunavuta. Hapa unavuta kwanza. Wengi hujikwaa hapo. Rudia la, ti, do peke yake mpaka mdomo uzoee.

Vuta pumzi taratibu, kutoka tumboni. Tundu la 2 likikataa kulia unapovuta, usidhani limeharibika. Mara nyingi anayeanza anavuta kwa nguvu mno. Legeza mdomo, ujaribu tena.

Hatua ya pili: sauti mbili kwa pamoja

Akodiani ya Cajun husikika nene kwa sababu kitufe kimoja huliza sauti ya juu na ya chini kwa wakati mmoja. Kwenye harmonika unatumia ulimi. Weka mdomo juu ya matundu manne, la 1 hadi la 4, kisha ziba la 2 na la 3 kwa ulimi na upulize. Utasikia do mbili, ya chini na ya juu. Fanya hivyo pia kwa la 4 na la 7, ukiziba la 5 na la 6.

Ukiinua ulimi kidogo na kuurudisha, matundu ya katikati hulia pia. Fanya hivyo kwa kufuata mapigo, nawe utakuwa unapiga wimbo na kujisindikiza mwenyewe.

Hatua ya tatu: mapigo

Dansi kuu za Cajun ni mbili. Walsi huhesabiwa moja-mbili-tatu, na "moja" ndiyo nzito. Dansi ya hatua mbili huenda haraka zaidi, kwa hesabu ya mbili au nne. Kazi ya kushika mapigo hufanywa na chuma cha pembe tatu kinachogongwa. Zamani kilifuliwa kwa meno ya reki za kukusanyia nyasi kavu. Wapenzi wa mwomboko wa Wakikuyu hawatashangaa, kwani nao wana akodiani na pete ya chuma. Kabla ya kupiga sauti yoyote, piga mguu chini ukifuata rekodi nzima.

Hatua ya nne: kuhamisha nyumbani

Wapiga akodiani ya C hupiga pia nyimbo za G, nawe unaweza. Fanya tundu la 2 la kuvuta kuwa "nyumbani", mahali wimbo unapotulia. Ngazi hii haitakamilika: sauti ya saba itakuwa chini kidogo ya ti uliyoizoea. Upungufu huo umo pia kwenye akodiani yenyewe, na ndio unaozipa nyimbo hizo huzuni yake.

Simu itakusaidia vipi?

Wapigaji wengi wa zamani walijifunza kwa sikio, bila karatasi. Chagua walsi moja ya taratibu, uisikilize siku kadhaa mpaka uweze kuiimba kwa mdomo mtupu. Ndipo uitafute kwenye harmonika, kipande kwa kipande. Baadhi ya programu za simu hupunguza kasi ya rekodi bila kubadili sauti. Jirekodi pia, usikie pale mapigo yanapokukimbia.

Sukutua mdomo kabla ya kupiga, na ukimaliza gonga harmonika kiganjani itoke mate. Usiazimane na mtu, hata kama ni ndugu yako.