Mchakamchaka, Saa, na Wanaofika Mwisho

Sisi wa rika langu tulifundishwa kukimbia kabla ya kufundishwa kusoma. Mwaka 1970 nilipoanza darasa la kwanza katika shule moja ya msingi mkoani Kilimanjaro, kengele ya kwanza ya asubuhi haikuwa ya kuingia darasani. Ilikuwa ya mchakamchaka. Tulijipanga mistari miwili, wakubwa mbele na wadogo nyuma, kiranja akatoa wimbo, nasi tukaupokea huku tukipiga miguu vumbini. Hakuna aliyeuliza nani wa kwanza. Aliyekwenda mbio kuliko wimbo aliuharibu wimbo, na aliyebaki nyuma alingojewa, maana kuitikia ni kazi ya wengi.

Katika kurasa hizi chache nataka kueleza jinsi mchakamchaka ule ulivyogeuka kuwa mbio za barabarani tunazoziona leo, zenye ada ya kujiandikisha, namba ya kifuani na saa ya kupimia. Mimi si mwalimu wa historia wala sijapata kushinda mbio yoyote. Ni mkimbiaji wa kujifurahisha, wa kundi lile linaloonekana barabarani wakati washindi wamekwisha kuoga na kunywa chai. Lakini msomaji, aliye nyuma ana faida moja: anaona migongo ya wote waliomtangulia.

Kukimbia kwetu kwa makundi kulikuwa na maana yake. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na vijana waliopita humo walirudi nyumbani na nyimbo za kukimbilia. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, vijana walitembea kwa miguu mamia ya maili kuliunga mkono. Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya siku kadhaa. Miguu ilikuwa ndiyo gari letu, na pia ndiyo kura yetu. Mtu alionyesha msimamo wake kwa kutokwa jasho barabarani pamoja na wenzake. Ni kweli pia kwamba mara nyingi hatukuulizwa kama tunapenda. Aliyechelewa mchakamchaka alikiona cha mtema kuni, na wapo wenzangu ambao mpaka leo wakisikia neno lile wanakumbuka fimbo kuliko wimbo.

Miaka ileile ndiyo iliyotupa majina makubwa. Oktoba 1968 John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City na kuumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, mguu umefungwa bendeji, watu wengi wamekwisha kuondoka. Alishika nafasi ya 57, nayo ndiyo ya mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kwenda kumaliza, si kuanza tu. Februari 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya meta 1500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa ameongoza tangu mwanzo. Mwaka uliofuata akavunja na ile ya maili moja. Kisha akaja Juma Ikangaa, aliyeshika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Tulijivuna nao, na ilikuwa haki yetu. Lakini hapo ndipo jambo moja lilipotokea bila mtu kulitangaza. Kukimbia kukawa kazi ya wenye vipaji, hasa askari, na sisi wengine tukawa wasikilizaji wa redio. Mtoto alikimbia shuleni, kijana alikimbia JKT, akishapata kazi na mke, basi. Mtu mzima akionekana anakimbia barabarani jioni, watu walisimama kuuliza mwizi yuko wapi.

Wakati huo, mbali na kwetu, watu wazima wa kawaida walikuwa wanaanza kukimbia kwa hiari yao. Marathoni ya kwanza ya jiji la New York ilifanyika mwaka 1970, wakizunguka ndani ya bustani moja kubwa. Walianza watu 127, wakamaliza 55, na kiingilio kilikuwa dola moja. Mwanamke alikuwa mmoja tu, naye hakumaliza. Mwaka 1976 mbio ile ikatolewa bustanini ikapitishwa katika mitaa ya jiji lote. London ikaanza ya kwake mwaka 1981. Fikra ilikuwa ngeni kabisa: kwamba bingwa wa dunia na karani wa benki wanaweza kusimama nyuma ya mstari mmoja, siku moja, na barabara ikafungwa kwa ajili ya wote wawili. Katika mpira huwezi kumwingiza karani uwanjani pamoja na timu ya taifa. Katika mbio za barabarani inawezekana.

Fikra hiyo ilifika kwetu kwa nguvu mwaka 2003, zilipoanza mbio za Kilimanjaro pale Moshi, na mwaka huohuo Nairobi nayo ikaanza marathoni yake. Mimi niliingia mara ya kwanza mwaka 2005, nikiwa na miaka 43, katika nusu marathoni, kilometa 21 na kidogo. Anayeijua Moshi anaijua njia ya kupanda Mweka: migomba huku na huku, maji yanateremka mferejini, na wewe unapanda. Akina mama walikuwa wakienda kanisani wakiwa wamevaa vizuri, wakatuambia pole, na kwa Kiswahili chetu pole ile si ya msiba, ni ya kumtia mtu nguvu. Watoto walikimbia pamoja nasi peku, wakatuacha, wakarudi kutucheka. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 24. Nilipewa medali ya kamba shingoni, nikaivaa mpaka nyumbani bila aibu.

Hapa lazima nimtaje dada yangu, kwa sababu bila yeye habari hii ingekuwa yangu tu.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Alipokuwa shule ya msingi hakuna mvulana wa tarafa yetu aliyemwacha. Alichaguliwa kwenda mashindano ya wilaya, akarudi na sahani ya bati aliyopewa zawadi. Alipomaliza darasa la saba bibi yetu akasema basi, msichana akizidi kukimbia tumbo la uzazi linalegea. Hakuna aliyebishana na bibi. Dada akaacha, akaolewa, akazaa watoto watano, na kwa miaka thelathini na zaidi hakukimbia hata kuwahi basi.

Kwa muda mrefu nilidhani imani ile ni ya vijijini kwetu. Baadaye nilisoma kwamba wakubwa wa michezo duniani, waliovaa suti na tai, waliiamini vilevile. Mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa kukimbia meta 800 katika Olimpiki ya Amsterdam. Wakasema walichoka mno, mbio ile ikaondolewa na haikurudi mpaka 1960. Mwaka 1967 Kathrine Switzer aliingia Boston akiwa na namba, na mmoja wa wasimamizi akamrukia njiani kutaka kuing'oa. Boston ilikubali wanawake rasmi mwaka 1972 tu. Marathoni ya wanawake ilifika Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Kwa hesabu hiyo, bibi yetu hakuwa nyuma ya ulimwengu. Alikuwa sawa nao. Na tangu Tegla Loroupe wa Kenya aliposhinda New York mwaka 1994, mpaka Magdalena Shauri wetu aliposhika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, hakuna tena haja ya kubishana na bibi. Jibu limekwisha kukimbiwa.

Mwaka 2011, dada akiwa na miaka 52, alinipigia simu akaniuliza raba zinauzwa bei gani. Hakueleza zaidi nami sikumwuliza. Alianza kwa kutembea alfajiri kabla majirani hawajaamka, kanga juu ya suruali. Baada ya miezi minane akaingia nusu marathoni. Hakuwa na mwendo tena, miaka huuchukua, lakini alikuwa na pumzi ya kushangaza, na tangu siku hiyo tumekwenda pamoja mbio nyingi, za mji huu na ule. Mimi humtangulia, kisha namngoja.

Katika mbio moja ya mji ambao sitautaja, nilifika nikanywa maji, nikarudi kusimama karibu na mstari. Ilipotimia saa 3 tangu kuanza, vijana wa waandaaji wakakunja zulia la kupimia muda, wakashusha lango la plastiki lililojazwa upepo, likalala chini kama ng'ombe mgonjwa. Tangazo lilikuwa limesema saa 3 na nusu. Jukwaani mgeni rasmi alikuwa anakabidhi hundi, muziki umefunguliwa. Barabarani askari waliokuwa wakizuia magari walikwisha kuondoka. Dada alikuja kwa saa 3 na dakika 11, anapishana na daladala na bodaboda, dereva mmoja anampigia honi atoke njiani. Alivuka mahali palipokuwa na mstari. Hapakuwa na saa, hapakuwa na medali, zilikuwa zimekwisha. Kijana mmoja akamwambia, mama, mbio zimeshafungwa.

Dada hakugomba. Alimjibu, "Mwanangu, mbio hazijafungwa. Ni nyinyi mliofunga." Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara akavua raba.

Jibu lile nimelitafakari kwa miaka mingi. Msomaji ataniambia kwamba medali ni kipande cha bati na mama wa miaka hamsini na kitu hahitaji kupimwa muda. Sikubaliani. Dada alilipa ada ileile aliyolipa kijana aliyemaliza kwa saa 1 na dakika 20. Aliahidiwa barabara na saa. Tena kwa mtu aliyeambiwa aache akiwa na miaka kumi na minne, kufungiwa lango mara ya pili si jambo dogo. Kinachofanya mbio za barabarani ziwe tofauti na mashindano ya uwanjani ni ahadi hiyo tu: kwamba barabara ni ya wote mpaka muda uliotangazwa. Ukiivunja, umebaki na mashindano ya wachache ambayo wengi wameyalipia.

Tulichofanya ni kidogo. Klabu yetu ya jogingi, ya watu wapatao thelathini, iliamua kwamba katika kila mbio tutakayokwenda, wanne wetu watakaa nyuma kabisa, nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, awe wetu au asiwe. Tunavaa fulana za rangi ya machungwa ili madereva watuone. Tuliandika pia barua kwa waandaaji kadhaa, kwa heshima, tukaomba mambo mawili: saa ibaki mpaka muda uliotangazwa, na medali zihesabiwe kwa idadi ya waliojiandikisha. Baadhi walikubali. Wengine hawakujibu, nasi hatukurudi kwao.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba huko nyuma wimbo umerudi. Wanne wakikimbia polepole na mtu aliyechoka, hawawezi kunyamaza kilometa tano. Mmoja atatoa wimbo wa shule, na yule aliyekuwa anataka kukaa chini ataitikia. Nimeona mzee wa miaka sabini akipanda kilima kwa wimbo aliofundishwa mwaka 1964. Mchakamchaka wetu wa zamani ulikuwa wa amri, na amri ile siitamani irudi. Mbio za leo ni za hiari, na hiari ni kitu kizuri, lakini saa imezoea kumtazama kila mtu peke yake. Kule nyuma tunapata vyote viwili: hiari, na mtu wa kukungoja.

Septemba 15, 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha iamue. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Dada, ambaye sasa ana miaka 66, alishangilia kuliko sote, kisha akasema angependa kujua wa mwisho alikuwa nani na alifika saa ngapi. Wajukuu walicheka. Mimi sikucheka. Nchi hii imepata heshima duniani mara mbili kwa marathoni: mara moja kwa aliyefika wa kwanza kwa upana wa kifua, na kabla yake kwa aliyefika wa 57 akichechemea, akakuta saa bado inamsubiri.