Karne ya Kuwafukuza Ombaomba Dar es Salaam

Aprili 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaamuru ombaomba waondoke jijini na kurudi makwao. Wengi waliisikia amri hiyo kama jambo jipya, kumbe ilikuwa na umri wa karibu miaka mia. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya watu fukara iliyompa hakimu uwezo wa kumhoji mtu asiye na kazi wala makazi ya kudumu, kisha kumweka kizuizini au kumrudisha kijijini kwao. Tangu hapo tawala zimebadilika, bendera zimebadilika, lakini dawa imebaki ileile: mpakie garini, mpeleke kwao. Dawa hiyo haijaponya, kwa sababu waliomwandikia mgonjwa hawakumpima. Waliamini kwamba kinachomleta ombaomba mjini ni uvivu wake na sarafu ya mpita njia. Historia inatuonyesha sababu nyingine.

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa wakoloni inamtaja anayeomba hadharani katika kundi la wazembe na wavurugaji. Makundi hayo hayakubuniwa Afrika. Yalitoka katika sheria ya uzururaji ya Uingereza ya 1824, iliyotungwa wakati nchi hiyo ikiogopa mafukara waliozagaa barabarani baada ya vita vya Napoleon. Kwa hiyo hofu ya matajiri wa London ilisafirishwa hadi Kariakoo, mahali ambapo kuomba kulikuwa na taratibu zake. Katika miji ya pwani, Ijumaa ilikuwa siku ya maskini: walizunguka madukani na kukaa milangoni pa misikiti, na mwenye duka alikwishatenga chenji zake. Dini ya Kiislamu iliwahesabu mafukara na maskini miongoni mwa wanaostahiki zaka, na papo hapo ikamkanya mwenye nguvu zake asiombe. Waumini wanakijua kisa cha Mtume na mtu aliyekuja kuomba: Mtume alimuuliza ana nini nyumbani, akauza vitu vya mtu huyo kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula, nyingine ikanunua shoka, mtu yule akaenda kukata kuni. Alisaidiwa, lakini kwanza aliulizwa ana nini.

Swali hilo ndilo serikali hazikuuliza. Kwa miaka mingi wakazi wa Dar es Salaam wamezoea kusema kwamba ombaomba ni watu wa Dodoma, kana kwamba kuomba ni mila ya Wagogo, wenyeji wa huko. Ugogo ni nchi kame, na mvua zikikosekana watu wake tangu kale walikwenda kuhemea kwa majirani, wakibadilisha mifugo kwa nafaka. Vita Kuu ya Kwanza iliivunja njia hiyo. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipofuata ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua makumi ya maelfu. Mwenye ng'ombe huhemea kwa ng'ombe wake. Aliyenyang'anywa hana budi kunyoosha mkono. Moja ya dola hizo zilizochukua akiba ya watu hawa, ile ya Waingereza, ndiyo, miaka michache baadaye, iliyowatungia sheria ya ufukara.

Uhuru nao haukubadili mkondo. Azimio la Arusha la 1967 lilihimiza kazi na kulaani unyonyaji, na mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi: wasio na kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini na mashambani. Nia ilikuwa watu wazalishe chakula. Wengi walirudi mjini, kwa kuwa walikopelekwa hapakuwa na jembe, mbegu wala akiba ya kuwavusha hadi mavuno.

Watasema wapo ombaomba wa kazi, na wapo watu wazima wanaowatuma watoto barabarani. Ni kweli, na kwa mtoto hoja hiyo ina uzito: sarafu anayopewa kwenye mataa humweka pale siku ya shule, na mara nyingi haiishii mikononi mwake. Huyo asaidiwe kwa sare na chakula cha nyumbani kwao. Lakini kuwapo kwa wadanganyifu hakuhalalishi kumfukuza kipofu au mzee, kama vile bili bandia za hospitali zisivyohalalisha kufunga hospitali. Wala hakuna msako ulioweza kuwatenganisha wadanganyifu na wahitaji. Gari la polisi hubeba wote.

Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Na serikali ya Tanzania yenyewe, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), imezipa kaya maskini fedha taslimu huko huko vijijini, jambo linalokiri kwamba umaskini hutibiwa pale unapoanzia. Kwa hiyo mpe mzee na mlemavu bila kuona haya, msaidie mtoto kupitia nyumbani kwao, na kifungu kile cha mkoloni kifutwe.